Kadi Iliyofungwa Mdomo

Asubuhi hiyo Bibi hakusema kitu.

Bibi si mtu, usije ukaanza kutoa pole. Ni ile sauti ya kike iliyomo ndani ya kompyuta ya Shemeji, inayosoma kila kilichoandikwa kwenye skrini, neno kwa neno, kwa kasi ambayo mtu mwingine akisikiliza anadhani kuku wanagombania mtama. Walimwita Bibi kwa sababu hanyamazi na hapendi kukatizwa. Shemeji haoni. Homa ilimchukulia macho yote mawili akiwa mtoto, kwa hiyo kompyuta isiyo na Bibi kwake ni sanduku la bati lenye joto, basi. Akabonyeza huku, akabonyeza kule, akavaa hedifoni, akazivua, akazivaa tena. Feni inavuma. Bibi kimya.

"Shemeji," aliita kutoka chumba cha mbele, maana naye humwita mume wa dada yake hivyo hivyo. "Hebu njoo. Bibi amekufa."

Waya alikuwa jikoni anapuliza chai. Waya ni jina la kazini. Ni fundi kompyuta, mwembamba, mrefu, na akikaa mahali haachi kujipindapinda.

"Wacha afe," alijibu, mkate mdomoni. "Sote tutakufa."

Mkewe akamkata jicho. Huyu ndiye dada yake Shemeji, msusi, ana saluni yake mtaa wa pili, na asubuhi hapendi utani.

"Kaka ana mtihani Alhamisi," alisema. "Unajua ana mtihani."

"Najua bwana. Nani asiyejua? Hata paka anajua."

Na kweli, nyumba nzima ilikuwa inaimba wimbo mmoja. Kuna kampuni inayopokea maneno yaliyorekodiwa, kesi za mahakamani, mikutano ya wakubwa, halafu inatafuta watu wa kusikiliza na kuyaandika yote. Shemeji alikuwa anawaandikia kama kibarua, leo kazi ipo, kesho haipo. Sasa wamesema watamtumia rekodi Alhamisi asubuhi, aiandike na kuirudisha kabla ya mchana. Akiiweza, wanamwajiri moja kwa moja. Akishindwa, wapo wengine mlangoni wanasubiri.

"Kazi hii ikinishinda nakwenda kwa shangazi," Shemeji alisema wiki ile, mezani, kama mtu anayejisemea. "Shangazi kila siku ananiita. Nikakae naye, nimpurie maharage."

Maneno hayo mkewe Waya aliyasikia akahuzunika. Waya aliyasikia akasahau kutafuna.

Maana chumba cha mbele, bwana, kile chumba alichokaa Shemeji, kina mlango wake unaotazama barabara. Ukuta mrefu mmoja mzima wa kuweka meza ya kazi. Soketi tatu. Baraza ya wateja kusubiri. Waya alikuwa fundi wa watu tangu alipopata akili, anakaa kwenye karakana ya mzee mmoja anaitwa Bisibisi, anatengeneza yeye na sifa anachukua mwingine, na kila akirudi nyumbani anapita mbele ya mlango ule, anaupima kwa macho. Hapa meza. Pale rafu. Juu kibao: jina lake, kwa herufi nyekundu. Kumbe ndani kimekaa nini? Kitanda kimoja na mtu na Bibi yake.

Lakini kumtoa hawezi. Nyumba ni ya mke na kaka yake, waliachiwa na wazazi. Waya alikuja pale na begi la nguo na bunduki ya lehemu. Mwenye begi hamfukuzi mwenye nyumba.

Akamaliza chai. "Jioni nitamtazama," alisema. "Kabla ya jua kuzama Bibi atakuwa anapiga domo."

Na alimaanisha hivyo, asubuhi ile. Tusimsingizie.

Jioni alirudi, akavuta kigoda, akaanza kama fundi yeyote anavyoanza, nje kwanza, ndani baadaye. Akachomoa spika akazichomeka kwenye simu yake. Zikapiga muziki vizuri. Basi spika hazina kosa. Akaangalia kama sauti imezimwa kwenye kompyuta yenyewe, maana nusu ya watu wanaokuja karakana na uso wa msiba wamezima sauti wenyewe. Haikuzimwa. Akafungua ile orodha ya vifaa ambavyo kompyuta inavitambua, akashuka nayo hadi chini. Kadi ya sauti haimo. Kompyuta haina hata habari kwamba iliwahi kuwa na kadi.

"Tatizo liko ndani," alisema.

"Ni madabodi, ule ubao mkuu?" Shemeji alikuwa amekaa karibu naye kabisa, magoti yanagusana, kichwa amekiinamisha upande kama mtu anayesikiliza mlango.

"Madabodi sauti yake ilikufa zamani, shemeji. Si ule umeme uliokatika ukarudi na hasira zake? Ndiyo nikakuwekea kadi ya pembeni. Sasa hiyo ya pembeni ndiyo imegoma."

Akafungua ubavu wa sanduku. Vumbi limelala mle kama blanketi. Na tatizo lenyewe akaliona papo hapo, hata bisibisi hajaiweka chini. Skrubu inayoshikilia kadi ilikuwa imeanguka, kadi imeinuka upande mmoja, imetoka kwenye nafasi yake kiasi cha ukucha. Ugonjwa wa kitoto. Akaichomoa, akasugua yale meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha shule mpaka yakang'aa, akapuliza nafasi, akaikandamiza. Ikaingia, ta! Akaifunga skrubu. Akawasha.

Kwenye orodha, kadi hiyo hapo.

Sasa spika zilikuwa bado kwenye simu yake. Kwa hiyo Waya akatoa hedifoni zake mfukoni, zile anazopimia kazini, akazichomeka nyuma, akavaa. Na Bibi akaanza kumfokea masikioni, mbiombio, kama mtu aliyefungiwa chooni tangu asubuhi. Hai. Mzima wa afya.

"Vipi?" Shemeji aliuliza. "Umepata kitu?"

Waya akamtazama. Alimtazama kwa raha zake, vile unavyoweza kumtazama mtu asiyekuona: shati lililofungwa vifungo hadi shingoni, mikono miwili imelala mapajani inasubiri, na nyuma yake ukuta mrefu ule, mtupu, mweupe.

Nikakae naye nimpurie maharage.

"Bado, shemeji," Waya alisema.

"Hata mkwaruzo?"

"Hata mkwaruzo. Kimya kabisa."

Na Bibi wakati huo anasema, anasema, anasema.

"Labda uongeze sauti."

"Nimeongeza mpaka mwisho." Akaipunguza, maana ilianza kumuumiza masikio. "Kadi hii nadhani imeungua, shemeji. Nitakwenda nayo kazini kesho niipime vizuri."

"Mungu akubariki. Najua unachoka."

"Aa, sisi si ndugu?"

Akaichomoa kadi, akaifunga kwenye kitambaa, akaenda kula.

Kule karakana kuna mchezo. Aliubuni Bisibisi mwenyewe, na anajivunia kuliko watoto wake. Mteja akija ambaye hajui kitu na anaongea sana, unamtengenezea vizuri, halafu unachukua rangi ya kucha, ile isiyo na rangi, unapaka jino moja la kadi. Moja tu. Rangi ikikauka huioni hata kwa miwani, lakini umeme haupiti, na kompyuta inasema haina kadi. Mteja anarudi. Unamvutia pumzi, unatikisa kichwa, unamwambia hapa mzee pana kazi. Wenyewe wanaita kumfunga mdomo. Kichupa kinakaa kwenye droo ya Bisibisi, na kila fundi aliyepita pale amewahi kukishika.

Asubuhi, Bisibisi alipotoka kununua vocha, Waya alivuta droo.

Alipaka kama mtu anayepaka kucha ya bibi harusi, akapuliza, akaweka kando, akaendelea na printa ya watu.

Jioni akairudisha kadi mahali pake mbele ya Shemeji, kwa vishindo vyote, kukandamiza, kufunga skrubu, kuwasha. Safari hii akamvalisha Shemeji mwenyewe hedifoni.

Kimya.

"Imekufa, shemeji. Pole."

"Hakuna nyingine?"

"Za aina hii hazitengenezwi tena. Nimeuliza mji mzima." Alikuwa hajamuuliza hata nzi.

"Na kile kidude cha kuchomeka nje? Nilisikia kipo cha sauti, unachomeka tu."

"Kwa kompyuta hii? Ni ya zamani mno, haitakikubali. Ingekuwa rahisi hivyo mimi ningekosa kazi."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake. "Si muazime moja kule kazini kwenu? Ya siku moja tu?"

"Nimemuomba Bisibisi. Amekataa. Yule mtu ana roho ya kutu."

"Ngoja nikamuombe mwenyewe."

"Utaniharibia kazi, mke wangu. Niachie mimi, nitambembeleza."

Hapo ndipo uongo unapokuwa mtamu, ukishaanza kujibu wenyewe. Waya alikula vizuri usiku ule. Akasema hata utani, kwamba angalau nyumba imepata utulivu, Bibi alikuwa anakosesha watu usingizi. Shemeji alicheka kidogo, kwa adabu, akaomba maji.

Jumatano Shemeji akapiga simu kwenye kampuni. Binti aliyepokea akamwambia kuahirisha kunawezekana, lakini aombe kwa maandishi, leo hii, mkuu wao hasikilizi maneno ya simu. Bahati mbaya mkewe Waya alikuwa saluni na bibi harusi, hatoki mpaka jua lizame. Aliyekuwepo nyumbani mchana ule ni Waya, kapita kuchukua multimita, kile kipima umeme chake, aliyoisahau.

"Shemeji, nifungulie ukurasa wa barua tu," alisema Shemeji. "Nitaandika mwenyewe. Barua ya kazi siwezi kuandikiwa, wataona siwezi kitu."

"Andika bwana. Wewe mkali."

Sasa elewa kitu. Mtu anayeandika bila kuona anatafuta vinundu viwili vidogo vilivyo kwenye vitufe vya katikati, ndiyo anajua vidole vimekaa sawa. Kibodi ya Shemeji vinundu vyake vilishalika zamani, kwa kutumika. Hakuwahi kujali, maana Bibi humtamkia kila herufi anayoigusa; akikosea anajua hapohapo. Leo Bibi hayupo. Akaweka vidole, akavuta pumzi, akaandika. Kasi ile! Vidole vinakwenda kama mvua juu ya bati. Na Waya amesimama nyuma yake anasoma skrini.

*Mfihi. msp,ns*

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ikaendelea hivyo hivyo kushuka chini. Vidole vilikuwa vimehamia kulia kitufe kimoja. Barua nzima, heshima zote, maelezo yote, samahani zote, ilikuwa uchafu mtupu, kama mtoto aliyekalia kibodi.

Shemeji akamaliza. Akajifuta jasho juu ya mdomo.

"Isome, shemeji. Iko vizuri? Sijakosea mahali?"

Angeweza kusema sogeza vidole. Maneno mawili. Kazi ya kupumua tu.

"Safi kabisa," Waya alisema. "Kiswahili kimenyooka kama reli."

"Kweli?"

"Mimi hata shuleni sikuandika hivi."

"Basi itume."

Akaituma. Akachukua multimita yake, na njiani, alipokumbuka ile mfihi, alicheka peke yake mpaka mama mmoja akavuka barabara kumkwepa.

Alhamisi rekodi ililetwa. Ilikaa mle ndani ya kompyuta asubuhi nzima, na Shemeji alikaa mbele yake amevaa hedifoni zisizosema kitu, shati amelifunga hadi shingoni, akisubiri jibu la barua yake. Saa za kurudisha zikapita. Alikaa tu. Jioni dada yake alimvua hedifoni mwenyewe, akamkuta masikio yamekuwa mekundu.

Ijumaa walikuwa wote watatu mezani simu ilipolia. Shemeji akaiweka sauti ya nje, maana ndivyo anavyofanya siku zote, hapendi simu sikioni. Alikuwa mkuu mwenyewe, mwanamke, sauti kavu.

"Barua yako nimeipata," alisema. "Nilidhani unaomba kazi ya kuandika."

"Ndiyo, mama. Nilieleza kwamba kadi ya sauti—"

"Hukueleza kitu. Umeniletea takataka. Kama ni utani, nimeshacheka. Kama ndivyo unavyoandika, basi ahsante, na hizo kazi za vibarua pia tutampa mwingine."

Ikakatwa.

Shemeji aliigeuzageuza simu mkononi.

"Takataka gani?" aliuliza. "Dada, hebu nisomee ile barua."

Mkewe Waya akaenda chumba cha mbele, akaifungua, akakaa nayo kitambo. Aliporudi hakumtazama kaka yake. Alisimama akamtazama mumewe.

"Haisomeki," alisema. "Hakuna hata neno moja."

Shemeji alinyoosha vidole vyake juu ya meza, akavisogeza kidogo kulia, akavirudisha. Alielewa hapohapo, ilikuwa kazi yake.

"Lakini uliniambia safi," alisema polepole. "Ulisema reli."

"Niliipitia haraka, shemeji. Nilikuwa nachelewa kazini. Si unajua macho ya haraka..."

"Sijui," Shemeji alisema.

Mke alitoa vyombo, akaviosha, akalala akiwa amegeukia ukuta. Waya alijipa moyo: hasira za mwanamke ni moto wa makuti. Kesho shangazi atapigiwa simu, keshokutwa mtu anafungasha, wiki ijayo kibao kinapandishwa. Alilala usingizi mzito.

Jumamosi Bisibisi alimtuma ofisi moja kuvuta nyaya. Alimaliza mapema, akarudi karakana akipiga mluzi. Hata hajafika mlangoni alisikia kicheko cha Bisibisi, kile cha kupiga paja.

Ndani, kwenye benchi la wateja, alikuwa amekaa mkewe. Sanduku la kompyuta la Shemeji liko mezani, ubavu wazi.

Waya hakuwahi kumleta mkewe pale. Alimwonea aibu Bisibisi, au alimwonea aibu mke kwa Bisibisi, hajui mwenyewe. Kwa hiyo Bisibisi alichokiona ni mteja, mama mstaarabu, amekuja na tatizo lake.

"Waya! Afadhali umerudi," alisema mzee, machozi ya kicheko yakimtoka. "Njoo uone maajabu. Mama huyu anasema kompyuta ya kaka yake haisemi. Nimetoa kadi, nimeipitishia ukucha hivi, nikasema ala! Hii si imefungwa mdomo? Tazama mwenyewe."

Akamwekea kadi kiganjani. Waya akaishika kama kitu cha moto.

"Inafanywaje hiyo, baba?" mke aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu kama maji mtungini. "Nieleze tena, fundi wako naye asikie."

"Rangi ya kucha, mama. Jino moja tu. Hiyo haijipaki yenyewe, imepakwa na mtu, na mtu mwenyewe ni wa shule yangu, maana kazi hii ni yangu mimi. Kapaka vizuri! Mkono mwepesi. Lakini mimi sikuigusa mashine yako, nakuapia, hii leo ndiyo mara ya kwanza naiona."

"Na wewe humfanyia nani mchezo huu?"

Bisibisi akakohoa kidogo. "Aa... ule wa zamani, mama. Wateja wasumbufu. Watu ambao hawajui kitu."

"Watu ambao hawaoni," alisema mke.

"Unaweza kusema hivyo," alisema Bisibisi, akacheka tena. Akachukua wembe, akakwangua jino, akaichomeka kadi, akawasha. Bibi akaanza kuropoka kwenye spika kubwa za karakana, mafundi wote wakageuka kutazama.

"Huyo hapo!" alisema Bisibisi. "Mzima. Mama, hunilipi kitu, umenichekesha. Waya, mbebee mama mzigo wake mpaka barabarani. Mbona umesimama kama nguzo?"

Waya aliubeba. Mtaa mzima alitembea nyuma ya mkewe, sanduku kifuani.

Nyumbani Shemeji alikuwa kwenye kigoda chake. Mke alimwambia yote kwa maneno machache, kavu, hakutia chumvi. Mambo yenyewe yalikuwa na chumvi yake. Waya alisimama na sanduku mikononi kwa kuwa hakuna aliyemwambia aliweke.

Shemeji hakupandisha sauti.

"Siku ile ya kwanza," aliuliza, "ulipovaa hedifoni zako, nikiwa nimekaa hapa. Bibi alikuwa anasema?"

Waya alitafuta uongo. Wote ulikuwa umekwisha.

"Alikuwa anasema."

"Alisema nini?"

"Sikuelewa, shemeji. Anakimbia mno."

Shemeji akatikisa kichwa, kama mtu aliyeuliza bei na kujibiwa.

"Kwa nini?" mke ndiye aliyeuliza. "Mimi nataka hiyo tu. Alikukosea nini?"

Na Waya, aliyekuwa na maneno ya kila kitu, akainua kidevu kidogo tu kuelekea ule ukuta mrefu, mweupe. Ilitosha. Mke alifuata macho yake, akautazama ukuta, halafu akaanza kucheka. Kilikuwa kicheko kibaya. Alikaa kitandani kwa kaka yake ili asianguke.

"Kaka, anataka chumba," alisema. "Anataka chumba chako afanye karakana."

"Lakini nilikuwa nampa," alisema Shemeji.

Waya hakusikia vizuri. "Unasema?"

"Alikuwa anahama," alisema mke. "Akipata ile kazi, mwisho wa mwezi anahama. Ameshapata chumba chake, amelipia kabisa, miezi kadhaa. Mimi nikamwambia akwambie, akasema hapana, nataka siku hiyo nimpe shemeji funguo za mlango wa mbele mkononi mwake, maana nasikia anavyousogelea ule mlango kila jioni, anasimama, anavuta pumzi, anaondoka."

Sanduku lilikuwa zito sasa. Waya aliliweka chini.

"Shemeji," alianza, "mimi bado naweza... tukiwapigia simu wale watu, nikaeleza kosa langu—"

"Kazi wameshampa mwingine," alisema Shemeji. "Walinitumia ujumbe wa simu asubuhi. Dada kanisomea kabla hajatoka." Akapapasa mezani, akapata hedifoni zake, akazivaa. Hazikuchomekwa popote. Alitaka tu kuvaa.

Mke akainuka. Akaingia chumbani, akarudi na begi, lilelile, akaliweka miguuni kwa Waya. Juu yake akaweka bunduki ya lehemu, na juu ya bunduki ufunguo mmoja uliofungwa kamba.

"Kaka hahami tena, hana pa kupata kodi ya kuendelea. Lakini kile chumba kimelipiwa, na vilivyolipiwa havitupwi," alisema. "Si ulitaka chumba? Kipo. Nenda."

"Mke wangu, tuzungumze."

"Mimi nazungumza na wewe tangu Jumatatu. Wewe ulikuwa umevaa hedifoni."

Chumba kilikuwa mwisho wa uchochoro, nyuma ya ghala la magunia. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye kanga mabegani, alikuwa anaanua nguo. Alimtazama Waya juu mpaka chini, akatazama begi.

"Wewe siye," alisema. "Aliyekuja kulipa alikuwa haoni."

"Mimi ni shemeji yake. Nitakaa badala yake."

"Haya. Kodi haina jina."

Waya akatia ufunguo, akasukuma mlango, akapapasa ukutani kutafuta swichi. Akapapasa upande wa pili. Jua lilikuwa linazama nyuma yake, na mwanga ulioingia mlangoni ulifika miguuni pake ukaishia hapo. Ndani ni kuta nne za zege, nene, bila dirisha, bila hata tundu. Chini kabisa karibu na sakafu aliona soketi moja.

"Mama," aliita. "Taa iko wapi?"

"Hakuna taa."

"Na dirisha?"

"Kilikuwa stoo hicho. Nilimwambia yule kaka, ngoja nikutobolee dirisha, nikuwekee na balbu. Akakataa. Alipiga makofi humo ndani, akasikiliza, akasema hiki ndicho, hakiingizi kelele, kinamfaa kwa kazi yake. Dirisha la nini, akaniambia, na mimi sioni?"

"Lakini mimi naona," alisema Waya.

Yule mama akatupia shuka la mwisho begani, akachukua beseni lake.

"Utazoea," alisema, akaondoka.